Sauti Mbili za Mzee Ndelwa

Asubuhi ile nilikuwa nimeshamshusha rais mmoja hata kabla sijanywa chai. Rais wa tatu wa Jamhuri ya Nyanda, marehemu, alikuwa amekaa miaka yote kwenye mstari wa Mafahali. Juzi kaokotewa hotuba mpya kwenye ghala la redio, na Mizani, mashine yetu ya kupimia sauti, ilipoisikiliza ikampa Mpweke, daraja la tatu. Nikabonyeza kukubali. Chini, kwenye Bustani ya Viongozi, nikasikia winchi ikinguruma, ikiing'oa sanamu yake kuipeleka nyuma kule kwenye mikaratusi. Kosa lake lilikuwa kunyamaza. Kila alipoulizwa swali alikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, na Mizani haipendi mtu wa namna hiyo. Mimi nimesoma habari za yule mzee, najua mwaka ule alikuwa na jino bovu. Lakini Mizani haina kitufe cha jino.

Naitwa Tusekile Mwasomola, mchambuzi mkuu wa sauti katika Jumba la Madaraja. Kazi ya mchambuzi ni kuondoa kikohozi, makofi, mvua juu ya bati na sauti za watu wengine, mpaka ibaki sauti ya kiongozi peke yake. Ndipo Mizani inapoisikiliza: anasema kwa kasi gani, anamkatiza nani, anakatizwa na nani, sauti inapanda au inashuka mwishoni. Kisha inamlinganisha na kigezo na kumpa daraja. Anayekaribiana na kigezo ni Fahali. Anayefuata ni Msaidizi, halafu Mpweke, na aliye mbali kabisa anaitwa wa Mkiani. Ilianza na marais waliokufa, watu wakaipenda, ikahamia kwa wabunge, ikashuka mpaka kwa vijana wanaomaliza shule. Sasa Mafahali hugombea vyeo, Wasaidizi hupewa ofisi, Wapweke huachwa na shughuli zao, na wa Mkiani hufungua mageti.

Sisi wachambuzi wote ni wanawake. Sheria inasema mwanamume asimpime mwanamume mwenzake, maana atampendelea au atamwonea, na kwa kuwa wanawake hatupimwi, tukaonekana hatuna la kupata wala la kupoteza. Aliyeiandika sheria hiyo hakuwahi kuishi na mume aliyetoka kupimwa. Wangu alirudi akiwa wa Mkiani, akakaa sebuleni na koti lake mwilini mpaka giza likaingia, na tangu siku hiyo hakunipinga tena hata kwa chumvi ya mboga. Alikufa akiwa ananikubalia tu. Nilimpenda akiwa mbishi. Uchovu nilioupata pale sijawahi kuupumzika.

*

Chai yenyewe ilipofika, ikafika na mgeni. Ngailo, mlinzi wa geti letu, alipanda naye ngazi taratibu akiwa amemshika kiwiko. Alikuwa bibi mwembamba, kajifunga khanga mbili juu ya sweta, na kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi kwa kupanda.

"Mama Tusekile, huyu ni Bi Anyisile," Ngailo akasema. "Binti wa Mzee Ndelwa."

Nikasimama. Mzee Ndelwa ndiye aliyeiunda Jamhuri. Sanamu yake ndiyo ya kwanza pale bustanini, na kigezo cha Mizani ni yeye. Kila mwanamume wa nchi hii hupimwa yuko karibu au mbali kiasi gani na Mzee Ndelwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesafisha sauti?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimekuletea ya baba." Akatoa kanda ya zamani aliyoifunga kwenye leso. "Pale mapokezi wameshaiingiza kwenye mitambo, wakanipa namba. Lakini nilitaka nikuone wewe, nikueleze. Ile mnayopiga kila mwaka siyo yake."

"Siyo yake vipi, mama?"

"Ile ni sauti ya Fungameza."

Akaketi, akapumua, akanieleza bila haraka. Baba yake alikuwa na kifua kibovu kama chake. Hakuweza kupaza sauti. Enzi hizo mikutano ilifanyika uwanjani na vipaza sauti havikuwepo, kwa hiyo Mzee alisimama jukwaani na mtu pembeni. Mzee alisema sentensi moja kwa sauti ya chini, ya kuongea mezani, na yule mtu akaipaza ifike mpaka nyuma. Mpaza sauti wake alikuwa Fungameza. Watu wa redio walipokuja waliweka chombo chao mbele ya Fungameza, kwa kuwa ndiye aliyesikika. Waliokuwepo wakafa mmoja mmoja, na redio ikabaki.

"Huyo Fungameza alikuwa nani?" nikauliza.

"Dalali wa mnada wa ng'ombe," akasema. "Mtu mwema. Alikuwa anakuja kwetu kunywa maziwa."

Nikatazama dirishani ili asiuone uso wangu.

"Mbona hamkusema, mama?"

"Tulisema. Tukaambiwa watu wameshaizoea." Akatabasamu kidogo. "Kanda hii alirekodi mama yangu, kakaa chini ya jukwaa na redio yake ya kurekodia mapajani, akisema anataka abaki na sauti ya mumewe. Mimi nimebakiwa na muda mfupi, mwanangu. Kila Sikukuu ya Mzee nasikia mtu mwingine ananguruma, naambiwa huyo ni baba yako. Kesho naomba mpige hii. Nimsikie mara moja, hadharani, halafu basi."

Nikamwahidi nitafanya nitakaloweza. Nilisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kurudisha sufuria.

*

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Sauti mbili zilikuwa zimepokezana bila kupandana, nikaiondoa ya Fungameza, nikaondoa na mbuzi mmoja aliyelia karibu na jukwaa. Ikabaki sauti ya mtu mpole, mwenye kupumua katikati ya maneno. "Maji ya visima yasiuzwe," ilisema. Kimya. "Hata tukiwa na shida, yasiuzwe. Mtoto akienda kisimani asiulizwe ana nini mfukoni."

Hayo maneno tunayajua wote. Tumeyakariri shuleni kwa ule mngurumo wa Fungameza, tukipiga vifua. Yalivyosemwa na mwenyewe yalinifanya nivue miwani nijifute macho.

Nikaipeleka kwenye Mizani, nayo ikanijibu: Mkiani.

Nikairudia. Mkiani tena, na mbali sana, mbali kuliko Ngailo.

Mkurugenzi wetu ni Dakta Mbwilo, mwanamume wa daraja la Msaidizi, mpole, mwenye vidonda vya tumbo. Nilipomwonyesha alivuta kiti akakaa kabla sijamkaribisha.

"Unataka kuniambia," akasema, "tumeipima nchi nzima kwa sauti ya dalali wa ng'ombe?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mpaka mawaziri."

"Mpaka mawaziri."

Akacheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akaacha. "Unajua inayofuata, Tusekile."

Nilijua. Sheria zilizotungwa na kiongozi aliyeangukia Mkiani hurudishwa bungeni zijadiliwe upya, maana zinahesabiwa zilipitishwa kwa udhaifu. Sheria ya Visima ni ya Mzee Ndelwa. Waziri Kabuje amekuwa akiizunguka kwa miaka, na kampuni ya rafiki yake imeshanunua mabomba na mita. Kijijini kwetu Ikingo hakuna mto. Mama yangu ana umri wa kusahau jina langu, lakini njia ya kisimani bado anaijua, na akifika hakuna anayemuuliza ana nini mfukoni. Mzee akishushwa leo, mwakani kile kisima kitakuwa na kufuli.

"Imeshaingia kwenye mitambo," nikasema. "Hatuwezi kuificha."

"Hatuwezi. Lakini unaweza kuandika kwamba imeharibika." Hakuniangalia. "Kanda iliyoharibika inasagwa, jambo linaisha. Visima vinabaki."

"Na Bi Anyisile?"

"Utamwambia ilikuwa imeoza."

"Ndiyo sauti pekee ya baba yake iliyobaki duniani, Daktari."

"Najua." Akasimama, mkono tumboni. "Mimi nimeshindwa kuchagua, ndiyo maana nakuachia wewe. Kesho kabla ya sherehe nipe jibu."

Msaidizi kwelikweli, nikawaza, nikaona aibu kwa kuwaza hivyo. Ndivyo lile dude lilivyokuwa limetuingia.

*

Mchana nikashuka getini kuota jua. Huku Nyanda jua la Juni ni la kuomba, na Ngailo ndiye mwenye benchi lililo kwenye jua. Nilimkuta akilipiga brashi koti lake jeusi.

Lazima nieleze koti lile. Kila Sikukuu ya Mzee, Waziri Kabuje hupanda jukwaani kupimwa mbele ya watu, Mizani ikasema Fahali, watu wakapiga makofi. Kisha, ili tofauti ionekane, hupandishwa mtu wa chini. Kwa miaka yote amekuwa Ngailo, kwa sababu yuko karibu na hagomi. Mizani husema Mkiani, watu huangua kicheko, naye hushuka kurudi getini kwake.

"Mwaka huu nitasema nini, Mama?"

"Sema jina lako na unakotoka, kama siku zote."

"Wananicheka mapema. Sijafika hata kwenye jina la pili." Akaendelea kupiga brashi.

"Hukasiriki, Ngailo?"

"Nikikasirika watanipandisha niwe Mpweke?"

Tukacheka wote wawili. Mume wangu naye alikuwa na koti kama lile.

Nikarudi juu nikaketi mbele ya Mizani. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa tamu. Sheria inasema kigezo ni Mzee Ndelwa. Haimtaji Fungameza popote. Nikiitoa sauti ya dalali na kuiweka ya Mzee mwenyewe, nchi nzima itapinduka. Wapole watakuwa juu. Kabuje atapanda jukwaani kunguruma, na Mizani itamwambia Mkiani mbele ya umati. Nililichezea wazo hilo kwa muda, na sioni aibu kusema lilinifurahisha.

Halafu nikaiona kesho kutwa. Wazazi wangewapeleka watoto wao kwa walimu wa kunong'ona. Kijana mwenye sauti kubwa, asiye na kosa lolote, angerudi nyumbani akakaa sebuleni na koti lake mpaka giza. Winchi ingeendelea kunguruma tu, ikibeba sanamu kutoka nyuma kuja mbele. Nilikuwa nimechoka mno, sikuwa na nguvu za kuanzisha mateso mapya, hata kama safari hii yangekuwa ya watu nisiowapenda.

Nikaisikiliza kanda tena, nzima, bila kuigusa. Mzee akasema, Fungameza akapaza, mbuzi akalia. Mzee akasema tena. Na safari hii nikasikia kitu ambacho masikio yangu yalikuwa yakikiruka kwa mazoea ya kazi: Fungameza alipomaliza sentensi, Mzee alimwambia kwa chini, "Ahsante." Kila mara. Na Fungameza, kabla ya kunguruma, alisubiri. Hakumkatiza hata mara moja.

Nikafungua sheria kuhakikisha maneno yake. Kigezo, inasema, ni Mzee Ndelwa kama wananchi walivyomsikia uwanjani. Na wananchi waliomsikia uwanjani walisikia watu wawili.

Basi sikuchambua. Nikaiweka kanda kama ilivyo, na mbuzi wake, iwe ndiyo kigezo, na ile ya redio nikairudisha ghalani.

Kwa asiyejua mitambo, nieleze kwa ufupi. Mizani hupima umbali. Kigezo cha zamani kilikuwa sawa na kijiti kimoja kilichochomekwa ardhini, na kila mtu alihesabiwa hatua zake kutoka hapo. Kigezo kipya kilianzia kwenye mnong'ono wa mgonjwa kikaishia kwenye ukelele wa mnadani. Mtu yeyote anayeweza kufungua mdomo yumo ndani yake, kwa hiyo hana umbali. Niliijaribu kwa yule rais wa jino bovu. Fahali. Nikawapitisha marais wote waliobaki, wakali na waoga, waliopinduliwa na waliojiuzulu. Mafahali watupu. Na Mzee Ndelwa kwa sauti yake mwenyewe: Fahali.

*

Asubuhi ya sikukuu nilimpa Dakta Mbwilo jibu langu. Alilisoma amesimama.

"Hii ni hila, Tusekile."

"Hila ilikuwa kabla, Daktari. Miaka yote nimekuwa nikiondoa watu kwenye sauti. Jana sikuondoa mtu."

"Watatufukuza."

"Watanifukuza mimi. Angalau nitalala."

Akaiweka karatasi mezani. Kisha, kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka, akauliza kama angeweza kupimwa kwanza, humo ndani, mlango ukiwa umefungwa. Nikamsogezea kinasa sauti. Akasema jina lake, la baba yake, na kijiji chao. Mizani ikamjibu. Akalitazama lile neno muda mrefu, akafuta miwani, akalitazama tena.

"Mama yangu angefurahi," akasema. "Na halina maana yoyote tena, sivyo?"

"Halina."

Akatia sahihi.

*

Bustani ilijaa. Nilimketisha Bi Anyisile mstari wa mbele, blanketi magotini, na ulipofika wakati wa sauti ya Mzee, umati ukasimama kama kawaida, mikono vifuani, ukisubiri mngurumo. Badala yake ikaja pumzi. Kisha sauti ndogo, ya mezani, ikasema: "Kaeni, jua ni kali." Fungameza akapaza nyuma yake, KAENI, JUA NI KALI, na yule mzee akamwambia ahsante.

Watu wakatazamana. Bi Anyisile alikuwa amefumba macho.

"Tumekaa, baba," akasema, naye alikuwa ameketi tangu mwanzo. Nilimshika mkono. Machozi yalimtoka bila kelele, na mimi yangu yakatoka, sikuyafuta.

Waziri Kabuje hakuipenda kanda ile, uso wake ulisema, lakini zamu yake ilikuwa imefika. Akapanda, akanguruma maneno yake kuhusu maendeleo na mabomba. Mizani ikasema kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka: "Fahali." Makofi. Akapunga mkono.

"Na sasa," akasema, "kwa ajili ya kulinganisha!"

Ngailo akapanda na koti lake. Vicheko vikaanza akiwa bado kwenye ngazi. Akasogea kwenye kinasa, akasema, "Naitwa Ngailo, mtoto wa..." na hapo kicheko kikamfunika, kama alivyoniambia.

"Fahali," Mizani ikasema.

Kicheko kikakatika vibaya, watu wengine midomo ikiwa bado wazi.

"Rudia," Kabuje akasema.

Ngailo akarudia, na safari hii alifika kwenye jina la pili, na la babu, na la kijiji, maana hakukuwa na mtu wa kumcheka. "Fahali." Kabuje akamvuta mwandishi wa habari aliyekuwa karibu. Fahali. Akamvuta dereva wa winchi. Fahali. Mzee mmoja wa kule nyuma akapanda mwenyewe bila kuitwa, akaomba aseme neno, akalia tu, hakusema kitu, na Mizani ikampa Fahali. Nyuma yake wanaume walikuwa wameanza kupanga foleni.

"Nani ameigusa hii mashine?" Kabuje akauliza, akinitazama mimi.

"Ni Mzee Ndelwa, mheshimiwa," nikasema. "Kama wananchi walivyomsikia. Sheria inasema hivyo, na kwa kuwa ni Fahali, sheria zake zote zinabaki. Na ile ya visima."

Akaitazama ile foleni. Kuamuru Mizani izimwe kungekuwa kujivua daraja lake mwenyewe mbele ya umati, na hilo alilijua. Akashuka jukwaani na walinzi wake, akaingia kwenye gari, mlango ukabamizwa. Jumatatu barua yangu ya kufukuzwa ingekuwa mezani, na nikashangaa jinsi jambo hilo lilivyonipa usingizi badala ya hofu.

Gari likafika getini likapiga honi. Ngailo alikuwa bado jukwaani, foleni imempita pembeni. Kwa mazoea akaanza kushuka mbio, kisha akasimama kwenye ngazi ya mwisho, kanigeukia. Sijawahi kumwona amechanganyikiwa hivyo.

"Mama Tusekile," akaniuliza, "sasa geti atafungua nani?"

Nilikuwa nimechoka, na mkono wa Bi Anyisile ulikuwa umelala ndani ya wangu, umepata joto.

"Kaa kwanza, Ngailo," nikamwambia. "Jua ni kali."

Akakaa. Honi ikalia, ikalia, ikalia tena. Halafu ikanyamaza, na sote tukasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na hatua za viatu zikielekea getini.